Kufua, Kusubu na Kufinyanga: Metali Sugu katika Historia ya Vinu vya Nyuklia

0. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vinne vya kale vinavyoeleza jinsi fundi anavyokipa kitu kigumu umbo. Mhunzi hufua: hupasha chuma moto, hukiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo. Msubuji husubu: huyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu. Mchongaji huchonga: huanza na gogo kubwa na kuondoa kisichohitajika. Mfinyanzi hufinyanga: huanza bila chochote mbele yake isipokuwa udongo, akaongeza pindi juu ya pindi mpaka chungu kikasimama.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa vitenzi hivyo historia ya metali chache ambazo zilitamaniwa sana na wajenzi wa vinu vya nyuklia katika karne ya 20, nazo zikawashinda mara nyingi. Metali hizo ni wolframi, rheni, tantali, molibdeni na niobi. Kwa kuwa zinastahimili moto kuliko metali nyingine nyingi, hapa zitaitwa metali sugu. Hoja itakayotetewa ni hii: kilichokwamisha matumizi ya metali sugu katika nishati ya nyuklia hakikuwa uhaba wa metali zenyewe tu, bali hasa ugumu wa kuzipa umbo na kudumu kwa maarifa ya kuzipa umbo. Njia mpya ya kujenga vipande tabaka kwa tabaka, iliyoenea tangu miaka ya 1990, ni jaribio la kutoka katika kazi ya mhunzi na kuingia katika kazi ya mfinyanzi. Jambo hilo lina maana ya pekee kwa Kongo, nchi ambayo hutoa sehemu kubwa ya tantali ya dunia na ambayo iliwahi kuwa na mafundi wake wa metali.

1. Mhunzi asiyeyeyusha

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tanuri la udongo lenye mkaa na mivukuto, kama yale yaliyotumika katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, halikuwa na joto la kutosha kuyeyusha chuma safi. Hata hivyo wahunzi walipata chuma. Mkaa ulinyang'anya mtapo oksijeni yake, mavi ya chuma yakayeyuka na kutiririka, na chuma chenyewe kikabaki tanurini kama bonge lenye matundu, gumu, ambalo halikuwahi kuwa maji. Bonge hilo lilipashwa moto tena na kufuliwa mpaka takataka zikatoka na chembe za chuma zikashikamana.

Shaba ni habari nyingine. Kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, mafundi wa Katanga waliweza kuisubu. Makaburi ya Sanga katika bonde la Upemba, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwishoni mwa miaka ya 1950, yalitoa vyombo vya udongo, vitu vya chuma na misalaba ya shaba iliyosubiwa. Kwa hiyo fundi wa eneo hilo alijua njia zote mbili, na alijua pia kwamba si yeye anayechagua njia, bali metali. Inayoyeyuka itasubiwa; isiyoyeyuka haina budi kufuliwa.

Tofauti hii inastahili kukumbukwa, maana karne nyingi baadaye maabara za Ulaya na Marekani zilirudia fikira ileile zilipokutana na metali zilizoshinda kila tanuri walilokuwa nalo.

2. Metali zilizoshinda tanuri

Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett aligundua elementi mpya katika jiwe lililotoka Amerika, akaiita kolumbi. Mwaka uliofuata Msweden Anders Gustaf Ekeberg aligundua nyingine, akaiita tantali kwa jina la Tantalo, mtu wa hadithi za Wayunani aliyesimama ndani ya maji asiweze kuyanywa. Kwani oksidi ya metali hiyo ilitumbukizwa katika asidi bila kuinywa. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama hizo mbili si kitu kimoja. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose alionyesha kwamba ziko mbili, akaipa ya kwanza jina la niobi, kutoka kwa Niobe binti Tantalo. Mwaka 1866 Mswisi Jean Charles Galissard de Marignac alipata njia ya kuzitenga. Jina la koltani linalotajwa kila siku katika Kivu ni ufupisho wa majina hayo mawili ya zamani, kolumbi na tantali, na ndani yake mna historia ya ubishi huo.

Kuzigundua hakukuwa kuzitumia. Tantali huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 3,000, niobi 2,477, molibdeni 2,623, na wolframi 3,422. Hakuna chungu cha kuyeyushia kinachoweza kuipokea wolframi iliyoyeyuka bila chenyewe kuharibika, wala kalibu ya kawaida ya kuimiminia. Mwaka 1903 Werner von Bolton, aliyefanya kazi katika kampuni ya Siemens & Halske huko Berlin, alipata tantali safi inayonyumbulika kwa kuiyeyusha ndani ya ombwe kwa cheche ya umeme. Kwa miaka kadhaa nyuzi za tantali ziliwaka katika taa za umeme.

Wolframi ilikuwa kaidi zaidi. William Coolidge, wa maabara ya General Electric mjini Schenectady, aliishinda karibu na mwaka 1910 kwa kurudi, bila shaka pasipo kukusudia, katika fikira ya mhunzi wa bonge. Hakuiyeyusha. Aliuchukua unga wa wolframi, akaushindilia uwe mche, akaupasha kwa umeme mpaka chembe zikashikamana, kisha akaufua ungali na moto, mara nyingi mfululizo, mpaka ukavutika kuwa uzi mwembamba kama unywele. Hapo palionekana ajabu. Metali za kawaida zikifuliwa baridi huwa ngumu na kukatika. Wolframi, ikifuliwa katika joto linalofaa, huzidi kunyumbulika. Nyundo haikuipa umbo tu, iliipa pia uhai. Wolframi ambayo haijafuliwa hupasuka kama kigae katika joto la kawaida.

Ukweli huu mdogo ndio ufunguo wa yote yatakayofuata.

3. Kwa nini kinu cha nyuklia kilizitaka

Vinu vingi vinavyozalisha umeme duniani havihitaji metali sugu. Maji yanayopoza kinu cha kawaida hayafiki hata nyuzi 350, na fueli yake hufungwa katika mirija ya aloi ya zirkoni, ambayo haimezi nyutroni ovyo. Haja ya metali sugu hutokea pale mjenzi anapotaka joto kali mno, na mahali pa kwanza palipomlazimu kulitaka palikuwa angani.

Sababu yake ni rahisi. Katika anga za juu hakuna mto wala upepo wa kupoza mtambo. Joto lisilogeuzwa kuwa umeme hutupwa kwa mnururisho tu, kutoka kwenye mabati mapana. Mnururisho huo huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto halisi: halijoto ya bati ikiwa maradufu, bati laweza kupunguzwa hadi sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake. Kila nyuzi inayoongezwa kinuni ni uzito unaopunguzwa kwenye roketi.

Kuanzia mwaka 1946 Marekani ilijaribu kwanza kuunda ndege inayoendeshwa kwa nyuklia. Katika maabara iliyojengwa Connecticut chini ya kampuni ya Pratt & Whitney, wahandisi walichagua kupoza kinu kwa lithi iliyoyeyuka, wakaifungia katika mabomba ya niobi iliyochanganywa na asilimia 1 ya zirkoni. Mradi wa ndege ulifutwa na Rais Kennedy mwaka 1961. Aloi ile ilihamia katika mradi wa kinu cha anga kilichoitwa SNAP-50, ambacho lithi yake ilikusudiwa kufikia karibu nyuzi 1,100. Nacho hakikuruka.

Kilichoruka kilikuwa kidogo na cha kiasi. SNAP-10A ilirushwa tarehe 3 Aprili 1965, ikatoa umeme wa wati zipatazo 500 kwa siku 43, kisha ikazimika kwa hitilafu ya umeme ya chombo, si ya kinu. Mabomba yake yalikuwa ya chuma cha pua. Fueli yake ilikuwa urani iliyochanganywa na hidridi ya zirkoni, yaani ukoo uleule wa fueli ya TRICO, kinu cha utafiti kilichowashwa Juni 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, wakati wa Monsinyori Luc Gillon, kikawa cha kwanza katika bara la Afrika. Kwa namna hiyo kinu cha kwanza cha Marekani kuzunguka dunia na kinu cha kwanza cha Afrika vilikuwa ndugu wa damu, na vyote viwili viliepuka metali sugu.

Kwa upande wa roketi, mradi wa Rover ulianza Los Alamos mwaka 1955. Kati ya 1959 na 1972 vinu vya majaribio viliwashwa katika jangwa la Nevada, na katika baadhi yake haidrojeni ilitoka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Mwili wa fueli ulikuwa grafiti. Niobi ilitumika kama ngozi tu, kwa umbo la kabidi iliyopakwa ndani ya mifereji ili haidrojeni isiile grafiti. Wakati huohuo maabara ya Argonne na kampuni ya General Electric zilifanyia kazi njia nyingine: chembe za oksidi ya urani zilizofumbatwa ndani ya wolframi yenyewe, iliyotobolewa mifereji mingi kama sega la nyuki. Njia hiyo ilionekana kuwa imara, lakini kutoboa sega la wolframi kulikuwa kazi ya jasho na gharama. Iliachwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, na Rover yenyewe ikafungwa mwaka 1973.

Warusi walifika mbali zaidi. Mwaka 1987 satelaiti Kosmos 1818 na Kosmos 1867 zilibeba vinu vya aina ya TOPAZ, ambavyo viligeuza joto kuwa umeme moja kwa moja kwa nyuso za molibdeni na wolframi. Kimoja kilifanya kazi kwa miezi kadhaa, cha pili kwa karibu mwaka mmoja. Marekani ilirudi uwanjani kwa mradi wa SP-100, ulioanza mwaka 1983 ukiwa na niobi, lithi na tabaka la ndani la rheni, ukafungwa katika miaka ya mwanzo ya 1990 bila kuruka. Mradi wa Prometheus, ulioanza mwaka 2003 kwa nia ya kupeleka chombo kwenye miezi ya Mshtarii, uliachwa mwaka 2005.

4. Maarifa yaliyokaa mikononi

Anayeisoma orodha hii haraka atadhani kwamba miradi ilikufa kwa uamuzi wa wanasiasa pekee. Wanasiasa walikuwa na sehemu yao kubwa. Lakini kila ulipofungwa mradi mmoja, kitu kingine kilipotea ambacho hakikuandikwa katika bajeti.

Niobi na tantali zikiwa na moto hunyonya oksijeni ya hewa na kuwa dhaifu. Molibdeni ikipashwa moto hewani huliwa, na oksidi yake hufuka kama moshi. Kwa hiyo kuunga bomba la niobi ni kazi ya kufanyiwa ndani ya ombwe au ndani ya kisanduku kilichojaa argoni safi, na fundi wake hujifunza kwa miaka: rangi ya ungo uliochafuka, muda wa kusubiri, kiasi cha kuharakisha. Mambo hayo huandikwa kwa shida. Mradi wa SNAP-50 ulipokufa, mafundi walitawanyika, na SP-100 ulipoanza takriban miaka 20 baadaye ilibidi sehemu ya kazi ianzwe upya. Prometheus nao ukakuta hali hiyohiyo. Aloi ya niobi na zirkoni ilihifadhiwa hai mahali pasipotazamiwa: katika taa za barabarani za mvuke wa sodi, ambazo vifuniko vya ncha zake hutengenezwa kwa aloi hiyo kwa sababu inastahimili sodi yenye moto. Kwa miaka mingi kilichobaki cha kinu cha anga kilining'inia juu ya njia kuu za miji, kikimulika magari.

Katanga ililijua jambo hili mapema. Mnamo mwaka 1906 Union Minière ilianzishwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ilitoka Lubumbashi. Kazi ya wasubuji wa kale ilikoma katika kipindi hichohicho. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, alipochapisha mwaka 1926 maelezo yake juu ya watu walioitwa walaji wa shaba, alikuwa tayari anaandika juu ya kazi inayokumbukwa, si inayofanyika. Hakuna mtu aliyewanyang'anya Wakatanga mtapo uliokuwa ardhini bila wao kujua. Lakini kizazi kimoja bila tanuri kilitosha kuondoa maarifa ambayo karne nyingi ziliyajenga. Mtapo hungoja. Mkono haungoji.

5. Mfinyanzi wa metali

Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Charles Hull alipata hataza ya kujenga umbo la plastiki tabaka kwa tabaka kwa mwanga, na Carl Deckard wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akafanya vivyo hivyo kwa unga na leza. Katika miaka ya 1990 taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen iliendeleza njia ya kuuyeyusha kabisa unga wa metali kwa leza, na mwaka 1997 kampuni ya Arcam ilianzishwa nchini Sweden, ikitumia mwale wa elektroni badala ya mwanga.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unga wa metali wenye chembe za mviringo hutandazwa kuwa tabaka nyembamba, aghalabu chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwale hupita juu yake ukifuata mchoro uliomo katika kompyuta, ukayeyusha sehemu zinazotakiwa tu. Meza hushuka kidogo, unga mwingine hutandazwa, mwale hupita tena. Baada ya maelfu ya tabaka, kipande hufukuliwa kutoka ndani ya unga uliobaki. Hakuna kalibu, hakuna fuawe, wala hakuna gogo lililochongwa na kutupa maganda. Ni kazi ya mfinyanzi anayeongeza pindi juu ya pindi, isipokuwa kwamba chungu chake hukauka papo hapo.

Kwa metali sugu faida ilionekana mara moja. Sega la wolframi lililowatoa jasho watu wa Argonne laweza kujengwa mifereji yake ikiwa tayari ndani. Bomba la kuhamisha joto, chombo kilichobuniwa na George Grover wa Los Alamos mwaka 1963, laweza kupewa utambi wake wa ndani bila kuungwa. Na unga ulio ghali, usiotumika, hurudishwa ghalani.

Walakini wolframi haikusahau tabia yake. Tone lililoyeyushwa na leza huganda kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Tabaka hujikunja kwa kupoa. Nayo metali ikishuka chini ya nyuzi mia kadhaa hupoteza unyumbufu wake na kupasuka. Kiasi kidogo tu cha oksijeni, kikijikusanya kwenye mipaka ya chembe, huzidisha mpasuko. Mwaka 2020 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore walipiga picha za mwendo wa kasi zilizoonyesha nyufa hizo zikizaliwa nyuma ya leza, wakati metali inapoa. Samaki mkunje angali mbichi, wasema Waswahili. Wolframi nayo hukunjwa ingali na moto, na leza huiacha ipoe kabla haijakunjwa. Kile ambacho Coolidge alikipata kwa nyundo, mashine isiyo na nyundo haina budi kukipata kwa njia nyingine.

Njia iliyotoa matumaini zaidi ni mwale wa elektroni. Hufanya kazi ndani ya ombwe, kwa hiyo oksijeni ni haba. Nao hulipasha kitanda kizima cha unga joto la zaidi ya nyuzi 1,000 kabla ya kuyeyusha, hivyo wolframi hubaki katika hali ya kunyumbulika muda wote wa ujenzi na kupozwa polepole mwishoni. Kwa njia hiyo maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ilitangaza mwaka 2024 kwamba imejenga vipande vya wolframi vyenye maumbo magumu pasipo nyufa, kwa nia ya kuvitumia katika mitambo ya muungano wa nyuklia. Haja hiyo ni ya kweli: katika mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, Ufaransa, wolframi ndiyo itakayopokea moto mkali zaidi chini ya chumba cha plazima.

Tantali kwa upande wake hujengwa kwa urahisi zaidi, maana hunyumbulika hata katika baridi kali. Hospitali tayari hupandikiza vipande vya tantali vilivyojengwa hivyo katika mifupa ya wagonjwa. Lakini kinuni ina kasoro isiyoondolewa na mashine yoyote: humeza nyutroni nyingi na kugeuka tantali-182, yenye mnururisho mkali ambao hupungua nusu kila baada ya siku zipatazo 115. Molibdeni na niobi humeza nyutroni chache zaidi, ndiyo maana wajenzi huzirudia. Kwa hiyo umbo si yote. Kila metali huingia kinuni na tabia yake ya kuzaliwa.

Pia ni haki kusema kwamba hatua zilizokwisha kuchukuliwa katika vinu vya umeme ni za tahadhari. Mwaka 2017 kampuni ya Siemens iliweka panga la pampu ya zimamoto lililojengwa hivyo katika kituo cha Krško, Slovenia. Mwaka 2020 Westinghouse iliweka kifaa kidogo ndani ya kinu cha Byron, Illinois, na mwaka 2021 vifungio vinne vilivyojengwa Oak Ridge viliwekwa katika kinu cha Browns Ferry, Alabama. Vile vilivyoingia ndani ya vinu vilikuwa vya chuma cha pua, si vya metali sugu. Hata kinu kidogo cha anga kilichojaribiwa Nevada mwaka 2018 kwa jina la KRUSTY kilikuwa na molibdeni ndani ya fueli tu, ambayo ilisubiwa kwa njia ya kale. Metali hupokelewa kinuni baada ya kukaa miaka chini ya nyutroni na kukatwa ili kuchunguzwa. Na hakuna mashine ya kuharakisha miaka hiyo.

6. Njia ya tantali

Kongo iliingia katika historia ya nyuklia kupitia ardhi yake. Mtapo wa urani wa Shinkolobwe, uliogunduliwa mwaka 1915, ulikuwa na utajiri usio na kifani. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Kinu cha TRICO kilifuata, kisha TRICO II mwaka 1972, ambacho kimesimama tangu mwaka 2004.

Tantali ilifuata njia iyo hiyo kwa kelele ndogo zaidi. Huko Manono ilichimbwa pamoja na bati tangu enzi ya ukoloni. Katika Kivu ikawa habari ya dunia mwaka 2000, bei ilipopanda mara kadhaa katika muda wa miezi na kuanguka mwaka uliofuata, huku vita vikiendelea. Tangu hapo Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zinazotoa tantali nyingi kuliko zote. Sehemu kubwa huenda katika vifaa vya elektroniki; sehemu nyingine huingia katika aloi za injini na za joto kali.

Mchimbaji wa Rubaya au wa Manono hufikia hatua ya kuosha na kupepeta mchanga mzito. Kutoka hapo kazi hufanyika mbali. Mtapo huyeyushwa katika asidi kali ya floridi, tantali hutengwa na niobi kwa vimiminika, chumvi yake hunyang'anywa floridi kwa sodi, na unga mweusi wa metali hupatikana. Viwanda vya namna hiyo viko China, Ujerumani, Estonia, Kazakhstan na kwingineko. Kisha unga hufanywa kuwa wa chembe za mviringo zenye ukubwa unaolingana, maana unga usiotiririka hautandaziki. Katika ujenzi wa tabaka, unga huo si malighafi tu. Ni nusu ya ufundi. Oksijeni iliyoingia ungani haitoki tena kwa leza.

Hapa yapo mambo mawili ya kupimwa pamoja. Kwa upande mmoja, njia mpya imepunguza urefu wa safari kati ya unga na kipande. Mahali palipohitaji nyundo za mvuke, vinu vya kuvutia nyuzi na majengo makubwa, sasa pana mashine yenye ukubwa wa kabati na mchoro wa kompyuta. Chuo kikuu kinaweza kuwa nayo. Kwa upande mwingine, urahisi huo ni wa nje. Mchoro unaweza kutumwa kwa dakika moja kutoka Tennessee hadi Lubumbashi, lakini ujuzi wa kuutambua unga mbaya, wa kuchagua joto la kitanda, wa kusoma ufa chini ya darubini, hautumwi. Huo bado unakaa mikononi, kama ulivyokaa kwa msubuji wa Upemba na kwa muunga mabomba wa Connecticut.

7. Hitimisho

Historia iliyofupishwa hapa inaonyesha vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza metali sugu zilitiishwa kwa kufuliwa bila kuyeyushwa, kwa hekima iliyofanana na ya mhunzi wa bonge. Katika cha pili ziliyeyushwa ndani ya ombwe na kuungwa kwa shida, zikaahidiwa anga mara nyingi na kuruka mara chache. Katika cha tatu zinafinyangwa kwa mwale, na swali la zamani limerudi kwa sura mpya: jinsi ya kuipa wolframi, bila nyundo, uhai ambao zamani ilipewa na nyundo.

Katika kila kipindi aliyefaidika na metali ni yule aliyeweza kuipa umbo, na katika kila kipindi uwezo huo ulipotea upesi ulipokosa kazi. Kwa nchi inayochimba, somo si kwamba inapaswa kujenga kinu cha anga. Somo ni kwamba maabara ndogo ya kusafisha unga na kuupima, ikifanya kazi mwaka hadi mwaka na kurithisha mikono, ina thamani kuliko kiwanda kikubwa kinachofunguliwa kwa sherehe na kufungwa baada ya miaka mitano.

Kwa walimu wa Kiswahili nao limebaki jukumu. Kufua, kusubu, kuchonga na kufinyanga ni maneno yanayotenganisha kazi ambazo lugha za viwanda nazo huzitenganisha. Mtapo, kalibu, fuawe, mvukuto na mavi ya chuma yamo kamusini, lakini wanafunzi wengi wa uhandisi hawajayasikia darasani. Maneno hayo yakifundishwa karibu na tanuri, mwanafunzi atakayesimama mbele ya mashine ya tabaka atakuwa na jina la kile anachokiona, na atajua kwamba mtu wa kwao alikwisha kukiona kabla yake.